Laptopu Mpya, Windows ya Zamani: Mjadala wa Arua na Koboko

MWENYE DUKA LA UCHAPAJI, KOBOKO: Laptopu nimenunua kwa pesa yangu, risiti ninayo, nataka ipigwe Windows 7. Programu yangu ya hesabu ni ya 2010. Printa ni ya kabla ya hapo. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyosomesha watoto wangu, na hii Windows 11 iliyokuja na mashine haikitambui hata kimoja. Fundi ananizungusha. Zamani alinipigia hiyo hiyo Windows 7 kwenye mashine za duka bila maneno mengi. Leo kumetokea nini?

FUNDI WA KOMPYUTA, ARUA: Mama, sikukataa. Nilikuambia utaijutia. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na iliumbwa kwa mashine za wakati wake. Laptopu yako ina diski ya NVMe, kijibao chembamba kilichochomekwa ndani. Windows 7 haina draiva yake, kwa hiyo inatafuta diski na kuikosa. Milango yako yote ya USB ni ya aina mpya, na Windows 7 haina draiva zake pia. Flashi inaanza vizuri, halafu katikati inadai draiva ya CD, na hapo hakuna CD yoyote. Naweza kuzipachika draiva hizo ndani ya faili kabla ya kuanza, na nimewahi kufanya hivyo. Nikivuka hapo nakutana na bayosi. Mashine nyingi za miaka hii zinawaka kwa UEFI peke yake, ile njia ya zamani imeondolewa, na Windows 7 inaganda kwenye nembo.

MWENYE DUKA: Na ikiwaka?

FUNDI: Ikiwaka, skrini itakuwa na maandishi yaliyovutika kama mpira, kwa sababu Intel haijatengeneza draiva ya picha ya Windows 7 kwa prosesa hiyo. Mwanga wa skrini hutaupunguza. Wi-Fi haitaonekana. Na hili usilisahau: draiva za kubana umeme nazo hazipo, kwa hiyo betri itaisha upesi kuliko inavyoisha sasa. Januari 2016 Microsoft walitangaza kwamba prosesa mpya zitahudumiwa na Windows ya wakati wake tu. Mwaka uliofuata wakaanza kuzuia masasisho kwa yeyote aliyeweka Windows 7 kwenye prosesa hizo. Hayo si maneno yangu, ni uamuzi wao.

MWENYE DUKA: Umesema vizuri: uamuzi wao. Mimi hapo ndipo ninapochomwa. Cherehani ya Singer ya mama yangu imeshona sare za shule tangu sijazaliwa, na kiwanda hakijawahi kumtumia mtu aje kumwambia kwamba uzi wa zamani hauruhusiwi. Hii mashine ni mali yangu au nimeazimwa?

AFISA WA TEHAMA WA SHIRIKA LINALOHUDUMIA WAKIMBIZI, ARUA: Mashine ni yako, mama. Lakini cherehani haiungwi na cherehani za watu wengine. Laptopu yako ikishaingia mtandaoni inaongea na mashine usizozijua, na baadhi yazo zinatafuta mlango uliolegea. Msaada wa Windows 7 ulikwisha Januari 14, 2020. Mashirika yaliyolipia nyongeza yalifika Januari 2023, basi. Tundu linalogunduliwa leo kwenye mfumo huo halizibwi. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilipiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na karibu mashine zote zilizoathirika zilikuwa na Windows 7.

MWENYE DUKA: Binti yangu, usinitishe na hadithi nusu. Mwaka 2017 Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka cha tundu lile kilitolewa Machi, miezi miwili kabla ya kirusi. Waliopigwa ni waliokuwa na kiraka mlangoni wasikiweke. Kosa hapo ni la umri wa mfumo, au la watu kutosasisha?

AFISA: La kutosasisha, nakubali. Sasa kamilisha hesabu yako. Kama mfumo uliokuwa na kiraka uliangusha hospitali kwa sababu watu walichelewa miezi miwili, wewe unaomba mfumo ambao kiraka chake hakitakuja kabisa. Utakuwa umechelewa kwa makusudi, na kila mwaka utazidi kuchelewa.

MWENYE DUKA: Basi tuongee kuhusu hivyo viraka. Nyinyi wa mashirika mna intaneti inayolipwa na ofisi. Mimi nanunua bando. Julai 2018 serikali ilitutoza shilingi 200 kwa siku kuingia WhatsApp na Facebook. Julai 2021 ikafuta hiyo, ikaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kisha nanunua mashine mpya, nalala, naamka, bando limekwisha. Nani amelila? Windows. Inajisasisha usiku kama mgeni anayepika kwa unga wangu bila kuniuliza. Windows 7 yangu ilikuwa inakaa kimya na kufanya kazi.

MWANDISHI: Afisa, hilo la data usilipite haraka. Mfumo wa sasa umetengenezwa na watu wanaodhani intaneti ipo saa zote na haina bei. Hata kuuwasha mara ya kwanza, toleo la Home linadai uunganishwe na ufungue akaunti ya Microsoft. Mtu wa Koboko anaanza kulipia kabla hajaandika barua moja.

AFISA: Sipiti. Ni kero ya kweli, na Microsoft wangeweza kutujali zaidi. Ila dawa yake ipo ndani ya Windows 11 yenyewe. Unaingia kwenye mipangilio ya mtandao, unaiambia mashine kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yanasimama mpaka uyaruhusu. Unaweza pia kuyasitisha kwa wiki kadhaa, kisha ukayapakua siku ukiwa mahali penye Wi-Fi ya bei nafuu. Mama anaadhibu mfumo mzima kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kitufe kimoja.

FUNDI: Hapo dada amesema neno. Wengi wanaokuja kwangu na "nipigie ya zamani" hawataki ya zamani. Wana kero moja yenye jina. Mteja kutoka Ariwara, ng'ambo ya Kongo, ananunua laptopu Arua, anafika kwao anakuta menyu zote za Kiingereza. Toleo lake ni lile la lugha moja tu, halikubali kubadilishwa. Anarudi: "Fundi, nipigie Windows 7 ya Kifaransa niliyoizoea." Mwingine kanunua laptopu ya bei ndogo iliyofungwa katika hali ya S, ambayo haikubali programu isiyotoka kwenye duka la Microsoft. Anachomeka flashi ya programu zake, inakataa, anasema mashine mbovu. Hali ya S inafunguliwa bure kwa dakika chache, ingawa ukishaitoa hairudi. Na wanaotoka Kaya na Yei, Sudan Kusini, wanaleta laptopu zilizopitia Dubai, zenye kibodi ya Kiarabu. Ningempigia kila mmoja wao Windows ya zamani bila kuuliza, ningekuwa ninakata mguu kwa sababu ya mwiba.

MWANDISHI: Lakini fundi, wewe unalipwa kwa kupiga. Unalipwa kuweka ya zamani, na unalipwa tena kuirudisha mpya ikishindikana. Kwa nini mteja akuamini unapomshauri?

FUNDI: Swali la haki. Nitajibu kwa kazi. Windows 10 naweka kwenye laptopu mpya, na ninasimama nyuma ya kazi hiyo. Kwenye Intel za kizazi cha 11 na kuendelea mara nyingi inabidi niipe draiva ya diski kabla haijaiona, lakini ikishaiona inakaa vizuri. Windows 7 kwenye mashine hizi ninaikataa hata nikiongezwa pesa, kwa sababu nikiichukua nitakuwa nimeuza matatizo. Pia kabla sijafuta chochote nawasha mashine na kuangalia kama diski imefungwa kwa BitLocker na kama mwenye mashine ana ufunguo wake wa kufungulia. Wako wanaofuta kwanza na kuuliza baadaye, na picha za harusi zimekwenda.

MWALIMU WA KOMPYUTA, SEKONDARI, KOBOKO: Mmemzunguka mama peke yake, ngoja nisimame upande wake. Mimi pia nataka mfumo wa zamani kwenye mashine mpya, na sio kwa mazoea. Maabara yetu ina vituo vidogo, skrini na kibodi, vinavyogawana kompyuta moja iliyo mama yao. Programu inayoviunganisha ilitengenezwa kwa Windows 7. Kompyuta mama imekufa. Shule imenunua laptopu mpya ishike nafasi yake. Nikiacha Windows 11, maabara nzima inakuwa meza za kuwekea vitabu. Wanafunzi wa Sub-ICT wana mtihani wa vitendo wa UNEB, hawataandikiwa kwenye cheti kwamba mfumo ulikuwa salama ila hawakuugusa.

AFISA: Maabara yako imeunganishwa na intaneti?

MWALIMU: Wakati mwingine. Modemu ya shule, bando likiwepo.

AFISA: Basi wakati huo mmoja unatosha.

MWALIMU: Wakati huo mmoja mtoto anafungua tovuti ya kamusi. Unataka nimnyime kompyuta mwaka mzima kwa sababu ya hatari ya saa moja? Dada, pima vitu viwili. Upande mmoja kuna hatari inayoweza kutokea. Upande wa pili kuna hasara ambayo imeshatokea: watoto wanachora kibodi kwenye karatasi.

AFISA: Nimepima. Ndiyo maana sikuambii uzime maabara. Nakuambia uzime modemu. Mfumo wa zamani uliokatwa kabisa mtandaoni, kwenye chumba kimoja, kwa kazi moja ya kufundisha, naweza kuuvumilia. Shida yangu si umri wake, ni mfumo wa zamani unaojifanya mpya na kuingia kila mahali. Na kama una kompyuta nyingine za Windows 10 au 11 hapo shuleni, zinaweza kugawiana masasisho kwenye mtandao wa ndani. Moja inapakua, nyingine zinachukua kwake, unalipia bando mara moja.

FUNDI: Mwalimu, na laptopu yako ndiyo itakayokataa Windows 7, nimeshasema. Bora unitafutie kompyuta ya mezani iliyotumika, ya 2012 au 2013. Hiyo ilizaliwa na Windows 7 na draiva zake zote zipo. Laptopu mpya ibaki ofisini kwa kazi za mtandaoni.

MWALIMU: Bodi imeshatoa pesa ya laptopu. Nirudi kuwaambia nataka kompyuta kuukuu?

FUNDI: Ndiyo. Uwaambie ukweli kwamba mashine mpya haiwezi kazi ya ile ya zamani.

MWENYE DUKA: Mnaona? Mwalimu anaruhusiwa, mimi nakatazwa.

AFISA: Mama, tofauti ni kile kinachopita dukani kwako. Nani anakuja kwako kila siku?

MWENYE DUKA: Watu wote. Wa CV, wa mikataba ya viwanja, wa fotokopi za kitambulisho cha taifa. Wanaoomba pasipoti mtandaoni, maana hawana kompyuta. Wafanyabiashara wanaotaka niwatolee risiti za kodi za EFRIS za URA. Wakimbizi kutoka makazi ya Lobule wanaoandikiwa barua za shule.

AFISA: Na ukishaskani kitambulisho cha mtu, kinabaki wapi?

MWENYE DUKA: Kwenye folda. Wanarudi kuomba nakala nyingine.

AFISA: Basi folda hiyo si yako peke yako. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, na haikusema duka dogo limesamehewa. Ukiniambia "mashine ni yangu, nitaitumia nipendavyo", nakubali kuhusu chuma na plastiki. Lakini kuna mtu aliyekimbia vita Sudan Kusini, jina lake, picha yake na jina la kijiji alichotoka viko kwenye diski yako. Yeye hakuchagua Windows 7. Hajui hata kama kuna kitu cha kuchagua.

MWENYE DUKA: ... Hilo sikuliweka kwenye mizani. Nakubali lina uzito. Lakini mimi sijasema nitaweka vyote kwenye mashine hiyo. Nataka Windows 7 kwa hesabu zangu na printa yangu. Nitaikata mtandao kama mwalimu.

FUNDI: Mama, mteja ataleta kazi kwa kitu gani?

MWENYE DUKA: Kwa flashi.

FUNDI: Flashi hiyo imetoka wapi? Imepita duka la jirani, stendi ya magari, ofisi ya kata, na pengine Arua na kurudi. Vile virusi vya shotikati vinavyoficha mafaili na kuacha alama za kubofya vimeishi West Nile miaka mingi bila kuhitaji intaneti. Flashi ndiyo barabara yao. Kukata Wi-Fi kunafunga mlango mmoja, na kwako wewe mlango mkubwa ni ule wa USB.

MWANDISHI: Hapa ndipo hoja ya kukata mtandao inapowaacha watu wengi. Inafaa kwa chumba cha mwalimu, ambacho kazi inaanzia na kuishia humo. Haifai vilevile kwa duka la uchapaji, ambalo kazi yake ni kupokea vitu vya watu na kuwarudishia.

MWENYE DUKA: Sawa. Nipeni basi njia, msinipe hofu. Programu yangu ya hesabu ina wadeni wa miaka 15. Nani atanihamishia?

FUNDI: Ipo njia, ina gharama. Tunaacha Windows 11, tunaweka VirtualBox, ambayo ni bure. Ndani yake tunafungua kama kompyuta ya pili, tunaipa Windows 7, tunaikatia mtandao na kuikatia flashi. Humo ndani NVMe na UEFI hazimsumbui mtu, maana Windows 7 inaona mashine ya kuigiza inayofanana na za zamani. Programu yako ya hesabu inaishi humo. Uchapaji na skani unafanya nje, kwenye 11. Lakini RAM yako ni GB 4, haitoshi mifumo miwili. Itabidi tuongeze, kama ubao wako una nafasi ya kuongezea. Kwenye laptopu nyembamba RAM nyingine zimechomelewa moja kwa moja.

MWENYE DUKA: Na leseni?

FUNDI: Hilo umeliuliza wewe, na ni wachache wanaouliza. Stika ya Windows 7 iliyo chini ya mashine yako ya zamani inaifuata mashine ile, haihami. Laptopu mpya ina ufunguo wa Windows 11 ndani ya bayosi. Ingekuwa toleo la Pro, ungekuwa na haki ya kushuka hadi Windows 10 Pro. Yako ni Home, haki hiyo haina.

AFISA: Kwa hiyo kinachobaki kwa watu wengi ni kile ambacho hakuna anayekitaja: flashi yenye Windows 7 pamoja na kile kiprogramu cha kuiwasha bila ufunguo. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inayolinda programu za kompyuta. Lakini acha sheria. Kiprogramu hicho kinakuomba uzime kinga ya virusi kwanza ndipo kifanye kazi. Nani ameandika ndani yake nini? Unamfungulia mlango mtu usiyemwona uso.

MWALIMU: Dada, unajua bei ya leseni ukilinganisha na ada ya mtoto mmoja kwa muhula?

AFISA: Naijua. Ndiyo maana nasema kuna Linux. Ubuntu au Mint haina leseni ya kulipia, na kwenye mashine mpya matoleo ya sasa yanatambua Wi-Fi na diski bila kelele.

MWALIMU: Na vitabu vyetu vyote vinaeleza Word na Excel, na mimi nimefunzwa hizo. Nikimpa mtoto LibreOffice muhula mmoja kabla ya mtihani nitakuwa namtega. Kidato cha kwanza labda. Mitaala mipya iliyoanza 2020 inatupa nafasi ya kuanza mapema. Kidato cha sita, hapana.

MWENYE DUKA: Mimi wateja wananiletea mafaili ya Word yenye jedwali na nembo. Yakifunguka yamevurugika, nembo imehamia ukurasa wa pili, nitawaambia nini? Linux mwache nayo mwalimu na watoto wa kidato cha kwanza.

FUNDI: Basi Windows 10, mama. Printa yako huenda ikapata draiva huko, nitaijaribu kabla hujalipa. Programu ya hesabu tunaijaribu kwa hali ya kuigiza Windows ya zamani.

AFISA: Windows 10 nayo msaada wake ulikwisha Oktoba 14, 2025. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 13, 2026 kwa anayejiandikisha. Unamhamisha mama kutoka nyumba inayovuja hadi nyumba yenye notisi ya kubomolewa.

FUNDI: Dada, nyumba yenye notisi ina paa leo. Wewe unataka mama aruke hatua zote kwa siku moja. Umeme wa Koboko ukikatika katikati ya sasisho la Windows 11, nani anapigiwa simu usiku? Kabla gridi ya taifa haijafika, tuliishi kwa kampuni ya umeme ya WENRECo na kile kituo cha Nyagak cha megawati 3.5, na watu wa hapa walijifunza kutoamini kitu kinachosema "usizime mashine". Mazoea hayo hayaishi kwa sababu nguzo mpya zimesimama.

AFISA: Laptopu ina betri.

FUNDI: Laptopu mpya, ndiyo. Subiri miaka mitatu.

MWENYE DUKA: Niwaambie kitakachotokea hasa. Nikitoka hapa bila Windows 7, kuna kijana sokoni na flashi yake. Hataniuliza RAM wala leseni wala wakimbizi wa Lobule. Atajaribu, ikigoma atanipa Windows 10 ya kuvunjwa kufuli, jioni niko dukani nachapa. Nyinyi mmeongea ukweli mwingi, yeye ananipa kazi yangu. Kati yenu nani yuko tayari kunipa kazi yangu?

AFISA: Mimi siwezi kukupa mashine, mama. Naweza kuja dukani Jumamosi, tuondoe vitambulisho vya watu kwenye ile ya zamani kabla kijana yeyote hajaigusa, na nikuonyeshe namna ya kufuta skani mteja akishaondoka. Hilo halingoji Windows yoyote.

MWENYE DUKA: Njoo. Lakini hesabu zangu?

FUNDI: Niachie laptopu siku mbili. Nitaifungua nione kama RAM inaongezeka. Ikiongezeka, VirtualBox, na leseni tutaitafuta kwa njia iliyo wazi. Isipoongezeka, wadeni tutawatoa kwenye programu ya zamani kwenda Excel, mwaka kwa mwaka, tukianza na wanaodaiwa sasa. Ni kazi ndefu na nitakutoza, bei nitakuambia kabla sijaanza. Windows 7 juu ya chuma hicho sitaipiga.

MWENYE DUKA: Hata nikienda sokoni?

FUNDI: Hata ukienda. Ukirudi nitakupokea, ila nitaanza kwa kufuta kila alichoweka.

MWALIMU: Fundi, kabla hujaondoka. Niandikie karatasi moja, bei ya kompyuta ya mezani ya 2013 upande huu, na upande wa pili bei ya kubadilisha vituo vyote viende na Windows 11. Weka na muhuri wako. Bodi inakaa Ijumaa, na mwenyekiti ataniuliza kwa nini nilinunua laptopu.